Uzi: "Unamtafuta wa nini?" Babu yangu mlima chumvi wa Lindi, tariqa, na ukaribu wa Mungu

#1 Mlima Chumvi

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasio wa dini yangu, habari za jioni. Nipo Lindi mjini, umeme umekatika tangu magharibi na simu ina chaji kidogo, kwa hiyo nitaandika kwa mafungu. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hakuna baya.

Kwanza niseme mimi si sheikh. Nilisoma chuoni kwa maalimu kama watoto wengine wa Lindi, nikachapwa bakora kama watoto wengine wa Lindi, na kitabu ninachokifungua kila siku sasa hivi ni daftari la madeni ya duka. Ila kuna swali lilinikaa kooni miaka mingi, na juzi kijana mmoja kaliuliza kijiweni, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya zamani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa muridi, yaani mwanafunzi, wa Qadiriya, moja ya tariqa (njia za kisufi). Mchana alilima chumvi, usiku wa kuamkia Ijumaa alikwenda zikrini, kumtaja Mungu pamoja na wenzake. Mimi nilipofika kidato cha tatu nikaanza kusali msikiti mwingine, wa vijana, nikajifunza neno "bidaa", yaani uzushi katika dini. Na mnajua kijana akipewa panga jipya, hakuna mgomba unaosalimika. Siku moja nikarudi nyumbani nikamkuta babu kibarazani anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini. Hata sikusalimia vizuri.

"Babu, Mungu yuko wapi?"

Jibu sahihi nilikuwa nalo mfukoni. Nilikuwa nasubiri akosee tu.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Unamtafuta wa nini?"

Nikabaki natazama maganda.

"Maana kama una deni lako kwake, sema tujue. Kama ni yeye anayekudai, tulia nyumbani, atakuja mwenyewe."

Nikaondoka nimekasirika, nikawaambia wenzangu kwamba mzee hana elimu, kakwepa swali. Imenichukua zaidi ya miaka kumi kuelewa kwamba hakukwepa kitu. Alinirudisha mlangoni, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaingia hadi sebuleni na viatu.

Nakuja.

#2 Korosho Ghafi

Naweka mkeka hapa. Mleta uzi usiingie mitini.

#3 Binti Mikindani

Tunasubiri. Babu kanikumbusha bibi yangu, alikuwa hajibu swali mpaka akuulize lake.

#4 Mlima Chumvi

Naendelea.

"Unamtafuta wa nini?" Watu wa tasawuf, yaani usufi, wameishi ndani ya swali hilo tangu zamani sana. Bibi Rabia al-Adawiya wa Basra, aliyefariki mwaka 801, husimuliwa kwamba alionekana njiani kashika moto mkono huu na maji mkono huu. Alipoulizwa anakwenda wapi akasema anakwenda kuichoma Pepo na kuuzima Moto, ili watu wamwabudu Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Sijui kama kisa kilitokea hivyo hasa, lakini maneno yake ya mapenzi ndiyo yaliyomfanya akumbukwe mpaka leo, mwanamke masikini wa Basra ambaye alikuwa mtumwa.

Sasa mimi nitalisema kwa lugha ya kusini. Nyinyi wa Mtwara na Lindi mnajua stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho zako chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghalani, unapewa karatasi, unakaa nyumbani kusubiri mnada. Karatasi unaikunja vizuri, unaiweka chini ya godoro, na kila ukilala unaipiga hesabu. Basi ibada yangu mimi ilikuwa hivyo. Kila rakaa nilikuwa nakatiwa stakabadhi. Sunna mbili, weka. Funga ya Jumatatu, weka. Na niliwaangalia wa zikrini kama watu wanaopeleka ghalani korosho mbovu, watakataliwa mzigo mchana kweupe.

Ubaya wa ibada ya stakabadhi ni siku uliyoteleza. Nakumbuka kuna kipindi nilikosa alfajiri siku tatu mfululizo, msimu wa kupuliza salfa, unarudi shambani mwili wote unawasha huna hata nguvu ya kunawa. Siku ya nne nikasema basi tena, mimi wa motoni, nikaacha na adhuhuri. Ibn Ataillah wa Iskandaria, sheikh wa tariqa ya Shadhiliya aliyefariki mwaka 1309, hikma yake ya kwanza kabisa inahusu jambo hilohilo: dalili kwamba mtu anategemea amali zake ni kupungua matumaini pale anapokosea. Isome tena polepole. Hasemi usitende. Anasema ukianguka halafu ukaona Mungu kakukimbia, basi kuanzia mwanzo ulikuwa unaitegemea karatasi ya chini ya godoro, humtegemei Yeye.

Niliposomewa hikma hiyo mara ya kwanza nilicheka kwa aibu.

#5 Korosho Ghafi

Ibada ya stakabadhi 😂😂 Wengine tunafanya kangomba kabisa, kumuuzia mlanguzi bila kungoja mnada, tunauza Pepo ikiwa bado ua.

#6 Jirani wa Ndanda

Mkuu, mimi Mkatoliki, nimekulia karibu na watawa wa Ndanda, wale wapo toka 1906 na wana saa zao za kunyamaza na kusali. Ninachosoma hapa sio kigeni kwangu. Swali langu: hizo tariqa huku kwetu zilifikaje? Maana nilidhani Uislamu wa pwani ni mmoja tu.

#7 Mlima Chumvi

Karibu jirani. Nitapita haraka maana wapo humu wanaoijua historia kuliko mimi.

Qadiriya inanasibishwa na Sheikh Abdul Qadir al-Jilani aliyefia Baghdad mwaka 1166. Aliyeisambaza sana pwani yetu ni Sheikh Uwesi bin Muhammad wa Barawa, Somalia, ambaye alifika Unguja zama za Sayyid Barghash, akatoa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha, kwa makhalifa wake, nao wakashuka nayo mrima mpaka bara. Yeye mwenyewe aliuawa Biyole mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambao hawakukubaliana naye. Kwa hiyo hizi ugomvi za leo msidhani zimeanza na vipaza sauti.

Lindi yenyewe iliingia kwenye mafaili ya Wajerumani mwaka 1908, kwa ile barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilisema kiama kimekaribia, watu watubu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika juzi tu, serikali ikashtuka, ikaona uasi mwingine unapikwa, na masheikh wakafuatiliwa. Watu walijaa misikitini kwa hofu. Ninachokiona mimi ni kwamba barua ilipita na halaka, yale makundi ya zikri, zikabaki. Hofu hujaza msikiti kwa mwezi. Aliyebaki zikrini miaka hamsini, kama babu, alikuwa amepata kitu kingine.

#8 Mzee Kivinje

Nimekaa kimya nasoma. Kijana anaandika vizuri ila kaisahau Kilwa. Shadhiliya nayo imo katika mkoa wako wa Lindi. Iliingia pwani kutoka Ngazija kwa Sheikh Muhammad Maarufu wa Moroni aliyefariki 1905, katika njia ya Yashrutiya, na huyo Sheikh Ali Nuruddin al-Yashruti alizaliwa Bizerte, Tunisia, akaweka zawiya yake, nyumba ya zikri, Akka, Palestina. Kwetu Kilwa ikasimamiwa na Sheikh Hussein bin Mahmud. Sisi hatupigi dufu. Tunasimama, tunashikana mikono, Jina linatajwa kwa pumzi.

La pili. Usije ukawaonyesha vijana kwamba tasawuf ni hadithi tamu za mapenzi. Zikri bila sala tano ni ngoma. Masheikh wetu wote walikuwa watu wa fiqhi kwanza, Shafii, wamesoma na wamesomesha. Sheria ni jahazi. Ukilitoboa jahazi halafu ukasema unaipenda bahari, utaipata hiyo bahari.

#9 Mlima Chumvi

Shikamoo mzee wangu. Nimepokea yote mawili, na la jahazi naliiba.

Sasa nije kwenye chumvi, ndiyo nyama ya uzi.

Wasiojua: chumvi ya bahari inalimwa. Unachimba majaruba, maji ya bamvua yanaingia, unaziba. Yanakaa juani, yanapungua, unayahamishia jaruba la pili, yanazidi kuwa makali, mpaka ya mwisho ukichovya kidole ulimi unakataa. Halafu siku moja asubuhi unaona ganda jeupe juu ya maji, jembamba kama ukoko wa uji. Baadaye linazama, linakuwa punje, unakwangua na reki. Mvua ikinyesha kabla hujakwangua, umerudi sifuri.

Nilikuwa namsaidia likizo. Siku moja nikamwambia kwa majivuno, "Babu, leo tumetengeneza magunia sita."

Akasema, "Hatujatengeneza hata punje. Chumvi ilikuwemo. Sisi tumeondoa maji."

Sikujua kwamba pale nafundishwa. Zikri, kwa alivyoielewa yeye, haikuleti kwa Mungu kama basi linavyokuleta Mtwara. Huendi popote. Kurani inasema Yeye yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake, sura ya 50 aya ya 16. Sasa aliye karibu kuliko mshipa, utapanda gari gani kumfikia? Kilichopo ni maji. Maji ni hii "mimi, mimi" inayojaa jaruba: mimi nimesali, mimi nimeonewa, mimi nina elimu, mimi si kama wale. Wenyewe wanaita nafsi, na wanaitaja kwa hali zake zilizomo kwenye Kurani: inayoamrisha maovu, inayojilaumu, iliyotulia. Jua la zikri linaikausha kidogokidogo. Ukiacha wiki mbili, mvua imenyesha.

#10 Jirani wa Ndanda

Hapo sasa nikuulize vizuri. Ukisema chumvi ilikuwemo ndani ya maji, una maana Mungu alikuwemo ndani ya mtu? Maana kwetu sisi Mungu kufanyika mtu tunalisema kwa Yesu peke yake, si kwa kila mlima chumvi.

#11 Mfuasi Athari

Afadhali kauliza asiye Muislamu, mimi nilikuwa nashika kalamu. Ndugu Mlima Chumvi, nakuheshimu na babu yako Allah amrehemu, lakini mfano wako ni hulul moja kwa moja. Halafu hukujibu swali lako mwenyewe. Swali la "Allah yuko wapi" Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliliuliza. Hadithi ya Muawiya bin Hakam ipo Sahih Muslim: alimwuliza kijakazi, "Allah yuko wapi?" akasema, "Mbinguni." "Mimi ni nani?" "Wewe ni Mtume wa Allah." Akasema mwache huru, huyu ni muumini. Sasa wewe unamsifu mzee kwa kutojibu swali ambalo kijakazi alilijibu kwa neno moja?

#12 Korosho Ghafi

Hapo patamu.

#13 Mlima Chumvi

Nyote wawili mmenikamata na mfano umechechemea kweli. Nimelala nalo, leo nimeamka nalo.

Jirani, jibu ni hapana. Masheikh wa tariqa wanakataa mambo mawili waziwazi: hulul, yaani Mungu kuingia ndani ya kiumbe, na ittihad, yaani viwili kuwa kimoja. Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910 na ambaye karibu kila silsila, mnyororo wa masheikh, inapita kwake, alipoulizwa tauhidi (kumpwekesha Mungu) ni nini alisema ni kumtenga wa milele na kilichozuka. Kumtenga. Kwa hiyo kinachobaki jaruba likikauka si Mungu. Ninavyoelewa mimi ni ule ushahidi: sura ya 7 aya ya 172, Mungu alipowauliza wanadamu wote kabla hawajaja duniani, "Je, mimi siye Mola wenu?" wakasema, "Naam, tumeshuhudia." Ile "naam" ndiyo chumvi. Kila mtu kaja nayo duniani, imeyeyukia kwenye mambo mengi mpaka huioni, ila ukionja machozi yako bado ina ladha.

Ndugu Mfuasi, hadithi naijua na naikubali, niliihifadhi kwa ajili ya kumpiga nayo babu. Lakini fungua sura ya 57 aya ya 4. Aya moja, pumzi moja. Inasema Mungu ameumba mbingu na ardhi kisha akawa juu ya Arshi, kiti chake cha enzi. Hapo wewe unashika. Halafu haijafika mwisho inasema, "Naye yuko pamoja nanyi popote mlipo." Hapo babu anashika. Utasema "pamoja" ni kwa ujuzi wake. Sawa, wafasiri wengi wamesema hivyo na sina ugomvi. Ninachokuuliza, na ninajiuliza, ni hiki: tangu tuanze kubishana ile nusu ya kwanza, nusu ya pili imetufanya nini? Mimi nilikuwa naijua Arshi kwa dalili zote, na huku nikipunja mizani dukani. Anayejua, yuko pamoja nami, ananiona nikiweka kidole kwenye sahani ya mizani. Hiyo ndiyo ihsani katika hadithi ya Jibrili: umwabudu Mungu kama unamwona, na kama humwoni, Yeye anakuona. Tariqa yote imetoka hapo. Zikri, nyiradi (dua za kila siku), kesha, vyote ni kumzoesha mtu asisahau kwamba anaonwa.

Swali la "wapi" kijakazi alilijibu akawa huru. Mimi nililijibu nikawa na kiburi. Babu aliuona ugonjwa, akaacha swali, akamtibu muulizaji.

#14 Mfuasi Athari

Umejibu kwa adabu, barakallahu fik. Lakini bado una watu wako wanaosema kila kilichopo ni Mungu. Ibn Arabi huyo. Na Hallaj aliyesema "mimi ni Haki". Usiwafiche uvunguni.

#15 Mlima Chumvi

Siwafichi. Ila huku ni kwenye kina, naomba mnisome polepole, na Mzee Kivinje anisahihishe.

Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922. Alisema "Ana al-Haqq", na Haki ni jina la Mungu. Wapo waliosema kakufuru, wapo waliosema kalewa mapenzi na mlevi haandikiwi. Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad akaenda kuitafuta njia hii, alisema maneno ya wapenzi wakiwa wamelewa yanakunjwa, hayasimuliwi. Mimi napenda neno hilo "yanakunjwa". Kama mtu kasema kitu usingizini. Humshtaki, na humnukuu.

Wanachokiita fanaa, kufutika, mfano wake niliuona siku moja alfajiri nikiwa ufukweni. Usiku ghuba ilijaa taa za karabai za wavuvi wa dagaa, unaweza kuzihesabu. Jua likatoka. Taa zikapotea zote. Lakini wavuvi walikuwa hawajazizima, zilikuwa bado zinawaka juu ya mitumbwi. Sasa mtu anayetazama jua akisema, "Hakuna taa, kuna jua tu," amesema kweli kwa jicho lake, na amekosea kwa mtumbwi. Sheikh Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki 1624, alimjibu Ibn Arabi karibu hivyo kwa mfano wa nyota na jua: umoja umo katika kuona, haumo katika vitu. Na baada ya fanaa wanataja baqaa, kubaki. Mtu anarudi, anauza samaki, anamlipia mtoto ada. Babu alirudi kila Ijumaa asubuhi akaenda kukwangua chumvi.

Ibn Arabi mwenyewe, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kuzikwa Damascus 1240, jina "wahdatul wujud" alibandikwa na waliokuja baadaye. Nisichoweza ni kusema nimemmaliza. Hata walionizidi mbali wameachana njia panda juu yake. Ninachokichukua kwake ni kimoja: kuwepo kwetu ni kwa kuazima. Mungu yupo kwa dhati yake, sisi tupo kwa kupewa, sekunde kwa sekunde, na akiacha kutoa hatuna akiba. Waswahili tuna msemo, nguo ya kuazima haisitiri matako. Kujua kwamba hata "nipo" yako umeazimwa, hiyo peke yake inatosha kumkalisha mtu chini.

Kwa kukusaidia, ndugu Mfuasi: Ibn Taimiya unayemkubali alimpinga Ibn Arabi vikali, kweli. Huyohuyo Ibn Taimiya aliandika sherehe ya maneno ya Sheikh Abdul Qadir Jilani, na Junaid alimsifu. Tulivyofundishwa msikitini kwetu nusu hiyo ilirukwa.

#16 Mzee Kivinje

Hapo hujakosea sana. Lile la Ibn Arabi ungeliacha. Si la jukwaani.

#17 Binti Mikindani

Mnaongea mazuri wote, sasa niwachafulie mkeka. Mimi nimeona upande mwingine. Nimemwona mama yangu mdogo akimpa khalifa mmoja pesa ya mauzo ya korosho, yote, aombewe, na watoto wako nyumbani wamevaa sare zilizochanika. Alipoulizwa anasema "muridi mbele ya sheikh wake ni kama maiti mbele ya mwoshaji". Nimeona ziyara, zile sherehe za kuwakumbuka masheikh, zinagombaniwa, bendera ya nani itangulie, nani ashike maiki. Na sisi wanawake tunapika pilau la watu mia tatu halafu tunaambiwa tukae nyuma ya pazia tusikie harufu ya ubani. Hiyo Rabia yenu angekuwa Mikindani leo angekuwa jikoni.

#18 Korosho Ghafi

Aisee.

#19 Mlima Chumvi

Binti, sina cha kutetea hapo. Pesa ya sare za watoto kuliwa kwa jina la Sheikh Jilani ni wizi, na mwizi akivaa kilemba ni mwizi mwenye kilemba. Bendera nazo nimeziona. Jaruba likijaa "sisi" badala ya "mimi" bado ni maji.

Ila nikwambie kitu kuhusu huo msemo wa maiti, kwa sababu una historia. Sahl al-Tustari, aliyefariki mwaka 896, aliutumia kueleza kutawakali, yaani kumtegemea Mungu: mja awe mbele ya MUNGU kama maiti mikononi mwa mwoshaji, amgeuze atakavyo. Mbele ya Mungu. Baadaye watu wakausogeza, wakamweka sheikh kwenye nafasi ile. Wenye nia njema walitaka kumfundisha muridi unyenyekevu kwa mwalimu. Wengine waliona ni njia rahisi ya kula. Mwambie mama mdogo, kwa heshima zote, kwamba msemo wake umebadilishiwa anwani.

La jikoni sina jibu. Bibi yangu alikuwa anasoma uradi wake huku anachochea kuni, na babu alikuwa akisema zake zinapokelewa kabla. Lakini najua hilo ni jibu la mwanamume aliyeshiba pilau.

#20 Binti Mikindani

Angalau umelijua 😄

#21 Mfuasi Athari

Swali la mwisho kutoka kwangu, na si la kukutega. Umesema ulisali kwetu. Umetokaje? Mjadala gani ulikushinda?

#22 Mlima Chumvi

Sikushindwa mjadala wowote. Nilikuwa hodari, ungenipenda.

Babu alifariki msimu wa mabibo, uwanja mzima unanuka mabibo yaliyooza chini ya mikorosho. Mwili ulioshwa na wajomba wawili na mimi. Sikuwahi kuosha maiti. Yule mzee mkaidi ambaye hukuweza kumgeuza kwa hoja, nilimgeuza kwa mkono mmoja ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Hakuniuliza wa nini. Viganja vyake vilikuwa bado na mipasuko ya chumvi, maji yanapita humo.

Tulipotoka na jeneza likaja lile ambalo kusini wote tunalijua. Wazee wakaanza "La ilaha illa Llah" kwa sauti, mwendo wa jeneza. Vijana wenzangu walikuwa wamenifuata kuja kunipa pole, na kwetu ilikuwa kwamba jeneza linasindikizwa kimya, sauti ni bidaa. Msafara ukagawanyika katikati ya njia. Mbele wanaimba, nyuma wamenyamaza. Mimi ndiye mjukuu, macho yote kwangu. Nikarudi nyuma, nikanyamaza.

Mjomba mmoja akanifuata amepandwa na hasira, nikajua leo napigwa mbele ya maiti. Mzee mwingine, rafiki yake babu wa zikrini, akamshika mkono. Akamwambia, "Mwache. Marehemu alisema, mjukuu wangu siku hiyo atanyamaza. Msimlazimishe. Nasi tunayo zikri ya kimya, hesabuni yuko kwenye hiyo."

Alikuwa ameshaniwekea nafasi. Alijua nitasimama upande gani, akaniweka ndani kabla sijafika.

Kwa hiyo nilitembea kimya mpaka makaburini, kwa msimamo wa msikiti wangu, na kila hatua nilikuwa najua kwamba kwa hesabu ya babu nipo zikrini. Sikuweza kutoka. Ningepaza sauti, zikri. Ningenyamaza, zikri. Sijaitoka hadi leo.

Sijaacha kusali kwenu, kwa taarifa yako. Ijumaa nasali kwenye msikiti wenu ulio karibu na duka. Alhamisi usiku nakwenda kule.

#23 Mfuasi Athari

Allah amrehemu mzee. Sikubaliani nawe kwenye mengi na nitarudi na dalili. Lakini Allah amrehemu.

#24 Jirani wa Ndanda

Amina.

#25 Mzee Kivinje

Tumsomee Fatiha.

#26 Korosho Ghafi

Mleta uzi, hiyo chumvi bado mnalima? Gunia bei gani?

#27 Mlima Chumvi

Majaruba anayo mjomba sasa. Njoo inbox, lakini mvua zikianza hakuna.

#28 Binti Mikindani

Alhamisi hii nitakuwa Lindi kwa shangazi. Hiyo zikri wanawake wanaingia, au tunapewa sufuria?

#29 Mlima Chumvi

Baada ya isha, nyumba ya tatu kutoka msikiti wa zamani, utasikia sauti. Kuna upande wa wanawake, hauna pazia. Njoo na kanga ya kukalia, mikeka haitoshi.